Ali hakuwapo Tabuk

Juzi nimeulizwa tena, mara hii na kijana aliyekwishawasha simu kunirekodi: "Ustadh, kwa hiyo Mwengo mwongo?" Nilikuwa nimesema tu, kwa kupita, kwamba vita vya Tambuka, yaani Tabuk, anavyovisimulia Bwana Mwengo katika Utenzi wa Tambuka kati ya Waislamu na Warumi, havikupiganwa.

Havikupiganwa. Mwaka wa 9 Hijria, yaani 630, Mtume (SAW) alitoka Madina katika joto kali, akafika Tabuk, kaskazini mwa Bara Arabu, Warumi (wale wa dola ya Bizanti) hawakuonekana, akaandikiana mkataba na watu wa mji wa Ayla, akarudi. Basi. Na Seyyidna Ali, ambaye ndani ya utenzi upanga wake haukai alani, alikuwa Madina. Mtume alimwacha aangalie ahali zake, naye alipolalamika kuachwa na wanawake na watoto ndipo Mtume akamwambia kuwa yeye Ali kwake ni kama Haruni kwa Musa. Bukhari, katika mkusanyo wake wa hadithi za Mtume, ameiweka hadithi hiyo katika mlango wa Tabuk penyewe! Wanaoniletea Bukhari kunikosoa wangeufungua kwanza.

Sasa linalonikera. Neno letu "hadithi" limebeba mizigo miwili: ile ya Mtume yenye isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana, na ile ya bibi ya "hadithi njoo". Basi mtu akisikia utenzi si sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, anautupa kwenye uongo. Akikataa kuutupa, anaung'ang'ania kama sira. Bwana Mwengo, alipoutunga utenzi wake kisiwani Pate mwaka 1728, hakukaa akabuni Warumi kichwani. Alipokea masimulizi ya maghazi, yaani vita vya Mtume, ambayo Waarabu walikuwa wakiyasoma mbele ya watu kwa karne nyingi, na wasimulizi hao walijua kiu ya wasikilizaji wao. Ja'far, ndugu yake Ali, aliuawa katika vita vya Mu'ta dhidi ya Warumi mwaka wa 8 Hijria, na kifo chake kikabaki na deni. Safari ya Tabuk, isiyokuwa na pigano, ilikuwa nafasi wazi ya kulilipia deni hilo. Mimi huona humo hata kivuli cha vita vya Yarmuk, ambako majeshi ya Herekali, mfalme wa Warumi, yalishindwa kweli mwaka 636, Mtume keshafariki. Msimulizi ameurudisha ushindi nyuma ili Mtume mwenyewe aushuhudie. Huo ni uongo wa aina gani?

Ila nami nisijifanye nimesimama kwenye mwamba. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira, alifariki karibu mwaka 767, zaidi ya karne baada ya safari ile, na kitabu chake twakisoma zaidi kwa mkono wa Ibn Hisham aliyekihariri, ambaye mwenyewe anakiri kuwa amepunguza mambo. Na jeshi la Tabuk, ati watu 30,000? Piga hesabu ya maji tu, kwa njia ile, kwa msimu ule. Mimi nasitasita. Hata habari kwamba Warumi wanajikusanya, mwanahistoria al-Waqidi anasema ililetwa Madina na Wanabati, wachuuzi waliokuja kuuza unga na mafuta. Huenda jambo zima lilianzia kwenye uvumi wa sokoni.

Kijana alikuwa amezima simu kabla sijafika hapo.