Lavenda haifuati kalenda ya mahindi

Kila Novemba, mawingu yakianza kujikusanya juu ya mlima Loleza hapa Mbeya, watu huja kitaluni kwangu Uyole kuulizia lavenda, kile kichaka cha maua yanayonukia. Nawaambia warudi baada ya mwaka mpya. Huku kwetu mkono umezoea: mvua imenyesha, panda. Lakini lavenda asili yake ni vilima vya mawe kando ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu kabisa. Baridi yetu ya Juni haiisumbui. Kinachoiua Mbeya ni maji kutuama mizizini.

Kwa hiyo mimi huhesabu kinyumenyume. Nataka mche uingie bustanini mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika, upate miezi kama sita ya kushika ardhi kabla ya mvua nyingine. Basi mbegu nazisia katikati ya Februari, chini ya paa la nailoni.

Kabla ya hapo zinalala kwenye friji wiki nne, si kwenye friza, zikiwa zimechanganywa na mchanga wenye unyevu kidogo. Mama mmoja mteja wangu alicheka: "Mwanangu, mbegu nazo unazilaza na maziwa?" Ndiyo, mama. Bila baridi hiyo nyingi hugoma, au zinaota mojamoja hadi unachoka.

Mbegu ni ndogo kama kiroboto na inataka mwanga, kwa hiyo usiifukie. Ibonyeze kwa kiganja, nyunyiza mchanga kiduchu, ngoja wiki mbili hadi nne. Usimwagie maji kwa juu. Weka trei ndani ya beseni la maji, udongo wa juu ukianza kuwa mweusi, itoe. Ukizidisha, ugonjwa wa kinyausi unaingia: kashina kembamba kama uzi kanabana pale kanapogusa udongo, kanageuka kahawia, jioni mche umelala. Hapo ng'oa miche iliyoguswa pamoja na udongo wake, funua nailoni upepo upite, acha kumwagilia kwa muda.

Kuhusu mbegu yenyewe, tafuta lavenda ya Kiingereza, Lavandula angustifolia. Aina yake iitwayo Munstead huota vizuri. Mwaka mmoja niliuziwa pakiti iliyoandikwa Grosso, bei ya kufa mtu. Grosso ni chotara tasa, haina mbegu. Huzalishwa kwa vipandikizi tu. Na mimi, mtaalamu mzima, nikalipa.

Miche ikifika sentimita nane hivi, ikiwa imeshakaa kwenye viriba, ihamishie kwenye tuta la sentimita 30 lenye changarawe ya kutosha, juani, nafasi ya nusu mita. Mliopo Rungwe na Mufindi, udongo unaofurahisha chai ni mchachu mno kwa lavenda, inayotaka pH (kipimo cha uchachu) 6.5 hadi 7.5, tieni chokaa ya kilimo. Samadi iacheni kwa kabichi, la sivyo mtavuna majani mengi na harufu haba.

Maua ya mwaka wa kwanza nayakata yakiwa machanga, roho ikiniuma, ili kichaka kijae. Yale ya baadaye ndiyo ya kunusa kwa makini, kwa sababu miche ya mbegu haifanani hata ikitoka pakiti moja. Kati ya ishirini, kuna mmoja utawazidi wenzake. Ufunge uzi mwekundu, mwakani uchukue vipandikizi vyake, friji irudi kuwa ya maziwa.