Maji Kutoka Kinyonge katika Nyumba ya Zamani: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wanaoishi katika nyumba za zamani huamini kwamba maji yakitoka kinyonge, dawa yake ni tangi kubwa zaidi. Kinachoongeza msukumo ni kimo, si ujazo: kila mita 10 kati ya uso wa maji tangini na koki huleta takriban baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo). Kwa hiyo tangi ambalo maji yake yako mita 3 juu ya shawa, liwe la lita 500 au 5,000, huipa shawa hiyo baa 0.3 tu.

Dhana ya pili, ambayo ndiyo ya gharama zaidi, ni kwamba pampu humaliza kila tatizo. Pampu huongeza msukumo, lakini haipanui bomba. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huanza kuota kutu kwa ndani zinki hiyo inapolika, na kipenyo kikibaki nusu, nafasi ya maji kupita huwa robo tu. Ukilisukuma kwa nguvu bomba lililokwisha kuliwa hivyo, huenda likapasuka kwenye maungio, tena ndani ya ukuta. Fundi anayefika na pampu mkononi kabla hajafungua hata koki moja ni wa kuogopwa.

Hata geji, kifaa cha kupima msukumo, inaweza kudanganya, kwa sababu koki zote zikifungwa husoma vizuri ijapokuwa bomba limeziba. Kipimo cha kuaminika ni ndoo ya lita 20 na saa: jaza kwenye koki iliyo karibu na mita ya maji, kisha kwenye koki ya ndani inayolishwa na laini hiyo hiyo. Ikiwa ya nje hujaa kwa dakika 1 na ya ndani kwa dakika 4, mamlaka ya maji haina kosa. Kagua kwanza valvu iliyofungwa nusu; na kama koki moja tu ndiyo dhaifu, fungua kichujio cha mdomoni mwake, ukiloweke katika siki kiachie chokaa.

Wapo pia wanaounganisha pampu moja kwa moja na bomba la mtaani. Huko ni kumnyang'anya jirani maji, na bomba linapovuja nje, mvuto wa pampu unaweza kuingiza maji machafu. Maji yaingie kwanza kwenye tangi la chini, ndipo yapandishwe.

Mwisho, kubadilisha kipande kinachoonekana pekee husaidia kidogo, kwani sehemu nyembamba iliyobaki ndiyo inayoamua. Fedha zisipotosha, anza na laini kuu inayotoka kwenye mita au tangi, ambayo maji ya nyumba nzima hupitia.