Popo wa Pate na Ndevu za Shoga: Dhana Potofu kuhusu Kifo katika Shairi na Hadithi Fupi

Wengi wanaoulizwa katika insha walinganishe kifo katika shairi na hadithi fupi huanza hivi: "Kazi zote mbili zinazungumzia kifo." Swali lenyewe limeshalisema hilo. Hapa tutatumia kazi mbili zinazojulikana: utenzi wa Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya, mwanzoni mwa karne ya 19, na "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine.

Dhana: shairi huleta hisia za kifo, hadithi huleta matukio yake.

Soma kwanza ubeti huu wa Al-Inkishafi, kuhusu matajiri wa Pate waliokwisha kufa:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme,
husikii hisi wala ukeme,
zitanda matandu walitandiye.

Kwa Kiswahili cha leo: nyumba zao zilizong'aa zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu, husikii sauti wala ukelele, vitanda vimetandwa utando wa buibui. Ubeti mzima hauna neno "kifo" wala tone la chozi. Una vitu tu, kimoja baada ya kingine, kana kwamba karani wa mirathi anapita chumba kwa chumba. Ubeti unaofuata unaingia kwenye madaka, vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, na sasa wamelala humo wana wa ndege, huku bundi akikoroma katikati ya nyumba. Waliokufa tunawajua kwa wageni waliohamia. Popo hapendi mwanga, kwa hiyo kuwapo kwake darini kunatosha kusema kwamba ile taa ya "mbake" imezimika, tena si jana. Anayeandika "mshairi ana huzuni" akaishia hapo ameruka kazi yote ya ubeti.

Dhana: vina na mizani ni mapambo, havihusiani na maudhui.

Hesabu mwenyewe. Nyu-mba-za-o-mba-ke, sita. Zi-we-le-ta-me, tano. Mishororo mingine mitatu inagawanyika vivyo hivyo, sita kwa tano. (Wanaokosea hesabu hii mara nyingi huhesabu herufi badala ya silabi, au hulikata "mba" mara mbili.) Kisha tazama vina: me, me, me, halafu ye. Ubeti mwingine huja na vina vyake katika mishororo mitatu ya mwanzo, lakini wa nne hurudi pale pale kwenye "ye". Msomaji wa sauti hufika mahali akaanza kuingoja "ye" kabla haijatamkwa. Watu katika utenzi wanabadilika, majumba yanabadilika, mwisho wa ubeti haubadiliki. Ndiyo maana kunukuu mishororo miwili ya juu na kuacha kituo, yaani mshororo wa mwisho, ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana: umekata mahali ambapo kifo kinasikika.

Hadithi fupi haina kituo cha namna hiyo. Chombo chake ni dokezo, na katika hadithi ya Chokocho dokezo limewekwa kwenye jina lenyewe. Mtoto Lulua anaona kwamba shoga wa dada yake ana ndevu. Ni rahisi kucheka na kupita. Lakini "shoga" huyo ni Kimwana, mvulana aliyejificha katika mavazi ya kike, na Safia, binti anayesifiwa na wazazi wake, anafariki akijaribu kuavya mimba. Kichekesho kilikuwa onyo, na waliopaswa kulisikia walikuwa wameshaamini sifa za binti yao.

Kuna jaribio dogo linalotenganisha kazi hizi mbili kuliko ufafanuzi mwingi wa vitabuni: ondoa kitu kimoja uone kifo kinakwenda wapi. Katika hadithi, ondoa lile vazi la kumficha Kimwana, au wazazi wamwamini Lulua, na huenda Safia yuko hai. Katika ubeti wa Pate ondoa popo, ondoa utando, ondoa hata vitanda. Wenye nyumba bado wamekufa. Hadithi inakifanya kifo kuwa tokeo lenye sababu, na sababu zina majina ya watu. Utenzi hauna haja ya kueleza nani alimuua nani, kwa kuwa unauhutubia moyo ambao nao unangoja zamu.

Dhana: kifo ndicho kilele cha hadithi, lazima kisimuliwe kwa urefu.

Si lazima. Katika hadithi ya Kate Chopin ya mwaka 1894 kuhusu Bi. Mallard, sentensi ya kwanza inatuambia ana ugonjwa wa moyo. Anapewa habari kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni. Sehemu kubwa inayofuata ni yeye peke yake mbele ya dirisha lililo wazi, akigundua kwamba ameachiwa uhuru. Mume anaingia mlangoni, mzima. Kifo cha mke hakichukui hata aya nzima, na madaktari wanasema ameuawa na furaha. Msomaji aliyekaa naye dirishani anajua furaha ipi imekatwa. Kinaya hicho kingekufa kama mwandishi angeeleza jinsi alivyoanguka.

Dhana: anayesema "moyo wangu" ni Sayyid Abdalla mwenyewe. Andika "nafsineni", yaani sauti inayosema ndani ya shairi. Kwa hadithi andika "msimulizi".

Dhana: nusu ya kwanza ya insha iwe ya shairi, ya pili iwe ya hadithi.

Mpangilio huo huzaa muhtasari mara mbili, na ulinganishi hubanwa kwenye aya ya mwisho wakati muda umekwisha. Gawa kwa hoja: nani anazungumza na anamwambia nani, kifo kimewekwa wapi, kabla ya maneno kuanza au mwishoni, kina sababu au hakina, msomaji anaachiwa ajaze nini. Kila aya iguse kazi zote mbili, shairi kwa nukuu, hadithi kwa tukio moja lililotajwa kwa usahihi. Neno la lahaja ya kaskazini kama "iyu" au "ukeme" lifafanue ndani ya sentensi yako, usilirekebishe ndani ya nukuu: ukiweka "juu yananing'inia" badala ya "iyu wengeme", mizani zinazidi na kina cha "me" kinapotea.