Msuli wa moyo ukinenepa, oksijeni haiutoshi: majibu kwa wenye presha

Wanaouliza maswali haya mara nyingi wameshaacha dawa. Wengi huja wakiwa wanahema, na unaambiwa waliacha zamani kwa sababu "nilikuwa najisikia vizuri".

Msuli wa moyo unanenepaje?

Presha ikiwa juu, chemba ya kushoto, ile inayosukuma damu mwilini, hubeba mzigo wa ziada kila pigo, na moyo hupiga takribani mara 100,000 kwa siku. Seli za msuli huwa kubwa na ukuta unakuwa mnene. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta huo kwa kawaida hauzidi sentimita 1 hivi.

Msuli mnene si ndio wenye nguvu?

Hapana. Watafiti hutoa kipande cha msuli wa moyo wa mnyama, wakakitumbukiza kwenye maji ya chumvi yaliyojaa oksijeni na kukishtua kwa umeme ili kijikaze. Kwa kuwa hakipitiwi na damu, oksijeni inapenya kutoka nje tu. Kipande chembamba huendelea na kazi kwa saa nyingi. Kinene hulegea, maana katikati yake hapafikiwi, na kikiharakishwa mapigo ndiyo kinachoka upesi zaidi. Ndiyo maana watafiti huchagua vipande vyenye unene usiozidi milimita 1 hivi.

Ndani ya mwili kuna mishipa midogo inayofikisha oksijeni katikati ya msuli. Lakini presha inaponenepesha seli, mishipa hiyo haiongezeki kwa kiasi hichohicho, hivyo oksijeni inasafiri mbali zaidi. Tena moyo, hata ukiwa umepumzika, huchukua karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyo kwenye damu yake. Akiba inayobaki ni ndogo: ukihitaji zaidi, lazima uletewe damu zaidi. Tabaka la ndani la ukuta ndilo linaloumia kwanza, kwa sababu hupata damu hasa moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio muda huo hufupika.

Sisikii chochote. Bado nimeze dawa?

Ndiyo. Presha haina desturi ya kubisha hodi. Ukuta wa moyo unaweza kunenepa kwa miaka bila kuumwa popote. Kutosikia kitu si kipimo. Kipimo ni mashine ya presha.

Nimepimwa, ni 120/80. Nimepona?

Hujapona, umedhibitiwa. Dawa ndiyo iliyoishusha. Ukiacha, kwa kawaida itapanda tena, na moyo utarudi kwenye mzigo uleule.

Nimeze siku kichwa kikiuma tu?

Hapana, tafadhali sana. Kichwa hakikuambii presha yako ni ngapi. Dawa ni kila siku kama ulivyoandikiwa. Ikikuletea kikohozi, kuvimba miguu au udhaifu wa nguvu za kiume, rudi kliniki ubadilishiwe. Dawa ziko za aina nyingi. Usikae nyumbani na siri hiyo huku unene wa ukuta wa moyo ukiongezeka.

Unene ukishatokea, unapungua?

Mara nyingi hupungua, kwa miezi au miaka ya presha iliyodhibitiwa. Umeze wiki hii, uache ijayo, usitegemee.

Niende hospitali lini bila kuchelewa?

Kifua kikibana au kuhisi kizito kwa zaidi ya dakika chache, hasa pamoja na jasho, kichefuchefu, kuhema, au maumivu yanayopanda taya au kushuka mkononi. Usiku huohuo, si kesho asubuhi. Usijipe dawa za vidonda vya tumbo kwanza ukisema ni gesi. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa, akabanwa pumzi tu. Naye aende saa hiyohiyo. Ukianza kuhema kwenye ngazi ulizozoea, hata kama kifua hakiumi, nenda kliniki wiki hiyohiyo, uombe kupimwa umeme wa moyo na, pakiwepo, eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.