Mafundisho ya Watu Wazima Hayafupishwi kwa Sababu ya Harusi

Kwaresima ikikaribia, ofisi yetu ya katekesi, yaani ya mafundisho ya dini katika Kanisa Katoliki, hupokea malalamiko ya aina mbili. La kwanza, mafundisho ya ubatizo kwa watu wazima ni marefu mno. La pili, makatekista wanawafundisha watu wazima kama watoto wa komunyo ya kwanza. Hilo la pili ni la haki, na tutaendelea kulisema kwenye semina za makatekista.

Mtu mwenye familia hakui kiimani kwa kukaririshwa maswali na majibu. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeeneza nadharia ya ujifunzaji wa watu wazima, alieleza kwamba mtu mzima hutaka kwanza kujua somo litamfaa nini, huja na uzoefu wake, na hushika upesi kinachogusa tatizo alilo nalo leo. Tanzania tulishaliona hilo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mtihani wao ulikuwa huo.

Imani nayo ni hivyo hivyo. Chukua "utusamehe makosa yetu". Mtoto ataimba. Aliyegombana na kaka yake kwa mpaka wa shamba ataguna, na pengine Jumapili inayofuata hatafika. Katekista anayejua kazi yake hamkimbizi kwenye sala nyingine. Humuuliza huyo kaka anaishi wapi, na kama kuna mzee wa jumuiya anayeweza kuwakalisha pamoja. Malezi ya kiroho huanzia hapo, na ugomvi wa shamba hauishi kwa wiki mbili.

Sasa utaratibu. Kanuni ya 865 ya Sheria za Kanisa inataka mtu mzima aonyeshe nia, afundishwe vya kutosha, na ajaribiwe katika maisha ya Kikristo kupitia ukatekumeni, yaani kipindi cha kujiandaa kwa ubatizo. Akipokelewa, jina lake huandikwa daftarini. Kuchaguliwa, yaani kukubaliwa rasmi kubatizwa Pasaka hiyo, ni Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano huombewa mbele ya waamini. Mkesha wa Pasaka hupokea ubatizo, kipaimara na ekaristi kwa pamoja. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe na kipaimara, asiwe baba wala mama yako. Anayebatizwa akiwa na miaka 14 na kuendelea, habari zake hufikishwa kwa Askofu. Anayeruka hatua asitarajie kuliona jina lake kwenye orodha ya Pasaka. Aliye katika hatari ya kufa ana utaratibu wake, na katekumeni akifariki kabla ya ubatizo huzikwa kwa ibada ya Kanisa.

Wapo wanaofika ofisini kadi za harusi zimeshagawiwa, wakitaka mchumba abatizwe kabla ya Jumamosi. Jamani! Nani aliwaambia asiyebatizwa hawezi kufunga ndoa na Mkatoliki kanisani? Kanuni ya 1086 inaruhusu kuondolewa kizuizi hicho kwa masharti, na paroko ndiye huandika barua ya kuomba. Muulizeni kabla ya kulipia ukumbi.

Na uliyebatizwa kwa Walutheri au Waanglikana hubatizwi mara ya pili, hata ukiomba. Tunachohitaji ni cheti. Kama kimepotea, rudi ulikobatizwa wakuandikie kingine kutoka kwenye daftari lao. Picha ya kwenye simu haitoshi.