Selotepu nne za nini jamani? Rangi nyingi siyo umeme mwingi

Wiki hii tena mtu kaniletea seli yake ya jua ya rangi, yaani ile ambayo rangi ndo inanasa mwanga, filamu nene kama plasta, imekolea wekundu mpaka inakaribia weusi, anauliza mbona mkondo umeshuka. Nikamuuliza ulibandika selotepu ngapi pembeni wakati wa kupaka, maana unene wa selotepu ndo unaoamua unene wa filamu, akasema nne, eti titania nyingi (titaniamu dioksaidi, ndo filamu yenyewe) inabeba rangi nyingi na rangi nyingi inanasa mwanga mwingi. Hii nimeisikia mpaka basi.

Shida ni kwamba nusu yake ni kweli. Uso bapa wenye safu moja tu ya molekuli za rangi haunasi hata asilimia 1 ya mwanga, ndo maana wanasayansi O'Regan na Grätzel mwaka 1991 walitumia chembe za nano zilizochomwa zikashikana kama sponji, filamu ya maikromita 10 tu lakini uso wake wa ndani ni mamia ya mara ya eneo unaloliona kwa macho, na seli ikavuka asilimia 7. Sasa watu wakisikia hivyo wanaongeza tu! Rangi ikipigwa na mwanga inatoa elektroni, na elektroni ikishaingia kwenye titania haina barabara, inatangatanga chembe hadi chembe, inakwama, inachomoka, na muda wote huo elektrolaiti, kimiminika kilichojaa ndani ya seli, ipo hapo hapo inaisubiri iidake. Ukinenepesha umerefusha safari, na huo uso ulioongeza ndo huo huo elektroni zinavujia, kwa hiyo volteji nayo inashuka. Na hapo bado filamu haijapasuka kama tope lililokauka na kubanduka kwenye kioo.

Na rangi inayofanya kazi ni molekuli iliyong'ang'ania titania yenyewe, ile iliyompanda mwenzake inameza mwanga bure, inatoa joto basi. Nilichukua kioo chake cha akiba nikakisuuza na ethanoli, mara ya kwanza ikatoka nyekundu, ya pili nyekundu, ya tatu ndo ikaanza kuwa safi. Zote hizo zilikuwa abiria!

Mimi ushauri wangu ni ule ule kila siku: anza na tabaka jembamba lisilo na vitundu chini ya sponji, elektroni iliyofika kwenye kioo isirudi kwenye elektrolaiti, halafu filamu ikishachomwa iloweke kwenye titaniamu tetrakloraidi, nyuzi 70 nusu saa, choma tena. Mwanga bado unapita? Weka juu safu ya chembe kubwa, nanomita 400 hivi, zitautawanya urudi ndani.

Mengine haraka haraka. Titania yenyewe hainasi jua, pengo lake la nishati, yaani kiasi ambacho mwanga lazima uwe nacho ili unaswe, ni eV 3.2 kwa hiyo inapata urujuanimno tu, kazi ni ya rangi. Nanowaya (vijiti vyembamba mno) za zinki oksaidi, badala ya titania, zinapitisha elektroni upesi kweli, ila uso wake mdogo, rangi inakosa pa kukaa, na ukisahau kioo kwenye rangi ya rutheniamu yenye asidi zinki inaliwa. Eti seli hizi za rangi ndani ya nyumba hazifai? Kinyume kabisa, mwanga hafifu wa taa ndo mahali zinapong'ara.

Yule wa selotepu nne nimemwambia arudi na moja.