Maktaba ya umma ni nini, na kazi yake ni ipi?

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam maktaba ni ya nini, wengi watakujibu: ya wanafunzi kupigia msuli. Hawajakosea sana. Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, meza hujaa, na wengi wa waliokaa hapo hawajagusa kitabu chochote cha kwenye rafu. Wamekuja na madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita. Lakini hiyo ni kazi moja tu kati ya nyingi.

Maktaba ya umma ni ile inayoendeshwa kwa fedha za umma na iliyo wazi kwa mtu yeyote, bila kuulizwa anasoma wapi wala ana cheo gani. Maktaba ya shule ina wanafunzi wake, na ya Chuo Kikuu pale Mlimani ipo kwanza kwa wanachuo na wahadhiri. Fundi cherehani wa Manzese anayetaka kujua sheria ya upangaji inasemaje hana kitambulisho cha chuo. Ya umma ndiyo yake. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mara kadhaa, la mwisho 2022, linataka watu wote wahudumiwe sawa, na kimsingi bila malipo. Kwetu ada ya uanachama ipo. Kwa maoni yangu, hata ikiwa ndogo, anayezuiliwa nayo ni yuleyule ambaye maktaba ilijengwa kwa ajili yake.

Hapa nchini kazi hii iko mikononi mwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikashika kasi. Hapo umuhimu wa maktaba unaonekana wazi: mtu mzima aliyejua kusoma majuzi, asipopata cha kusoma, baada ya muda husahau. Darasa humfundisha herufi, lakini kitabu cha kuazima ndicho kinachomfanya azitumie.

Turudi kwa wale wa madaftari. Wapo wanaolalamika kwamba wanageuza maktaba kuwa chumba cha kukalia. Mimi siungi mkono lalamiko hilo. Mtoto wa Tandika anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, ukuta wa pili kuna redio, nje kuna mziki wa kigodoro, anahitaji kiti, meza, taa na ukimya kabla hajahitaji kitabu. Vitu hivyo vinne nyumbani hana, na mkahawani hapati bila kununua kitu. Maktaba ikimpa, imefanya kazi yake.

Ila akiishia hapo, amepunjwa. Amsogelee mkutubi aulize. Vitabu vimepangwa kwa namba za mfumo wa Dewey, ambao ulitoka Marekani mwaka 1876: 500 ni sayansi, 600 ni fani kama kilimo, tiba na ufundi, 800 ni fasihi. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima, lakini riwaya ya Kiswahili uitafute 896.392, kwa sababu fasihi za lugha nyingi za Afrika zilibanwa ndani ya 896. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Ukishaipata mara moja, riwaya, tamthiliya na diwani zitakuwa jirani hapohapo, na utaondoka na kitabu ambacho hukukijia. Ndiyo raha ya rafu.

Kuna vitabu vya kuazima ukaenda navyo nyumbani, na kuna vya rejea kama kamusi na ensaiklopidia, ambavyo husomwa papo hapo. Gazeti la zamani nalo ni rejea.

Kazi ambayo wengi hawaijui kabisa ni ya kutunza. Kwa sheria, mchapishaji wa hapa nchini anatakiwa kupeleka kwa Bodi nakala za anachochapisha, bila kulipwa. Haijalishi ni kitabu cha kiada au kijitabu cha mashairi ambacho mtunzi amekilipia uchapaji mwenyewe. Namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu kimataifa, inayowekwa kwenye kitabu cha Kitanzania nayo hutolewa na Bodi hiyohiyo. Miaka thelathini ijayo, mchapishaji akiwa ameshafunga duka na nakala za madukani zimekwisha, mjukuu wa mtunzi atakuwa na mahali pa kuanzia kuuliza.